Namna ya Kumtambua Taa na Kupita Salama Penye Maskani Yake

Wengi wanaochomwa na taa kwenye maji ya kina kifupi huchomwa kwa sababu wamemkanyaga. Samaki huyu hamfuati mtu. Kwa hiyo mkulima wa mwani, mchokoa pweza au mgeni anayeoga ufukweni atajikinga vizuri zaidi akijua taa hulala wapi, hula saa ngapi na hushtuliwa na nini.

Taa ni jamaa wa papa: hana mfupa, mwili wake umejengwa kwa gegedu, na mapezi yake ya ubavuni yameungana na kichwa yakawa kama sahani bapa. Akitaka kujificha huyapigapiga mapezi hayo hadi mchanga umfunike mgongoni. Mdomo na matamvua yake yako upande wa tumbo, na kama angevutia maji huko angemeza mchanga. Ndiyo maana nyuma ya kila jicho ana tundu la kuvutia maji kutoka juu. Ukichungulia maji maangavu, basi, usitafute umbo la samaki. Tafuta macho mawili yaliyochomoza na, nyuma yake, matundu mawili yanayofunguka na kufunga taratibu, kwani mara nyingi hivyo ndivyo pekee vinavyobaki wazi.

Dalili nyingine huonekana maji yakiwa yamekupwa. Taa hupuliza maji na kupiga mapezi ili kufukua minyoo, kaa, kamba na kombe, ambao huwatambua hata wakiwa wamefukiwa, kwa kuhisi umeme hafifu wa miili yao, kisha huwaponda kwa meno yake bapa. Mahali alipokula hubaki vishimo vya duara, vipana na visivyo na kina, mfano wa mabakuli yaliyozamishwa mchangani. Ukiviona vingi mahali pamoja, jua kwamba hapo ni malishoni pake, na kwamba maji yakianza kujaa huenda akarudi. Taa mwenye madoa ya buluu iliyokolea na mistari miwili ya buluu mkiani, anayejulikana sana kwenye matumbawe yetu, hufanya hivyo hasa: maji yanapojaa hutoka kwenda kula kwenye mchanga, na yanapokupwa hurudi kujificha chini ya miamba. Huyu hana desturi ya kujifukia, kwa hiyo mchokoa pweza asitie mkono kwenye pango la mwamba kabla ya kulichungulia.

Unapotembea ndani ya maji, usinyanyue miguu. Iburure mchangani polepole, au tanguliza ufito ukigusa chini mbele yako. Taa akihisi mtikisiko huo huondoka mwenyewe. Viatu husaidia dhidi ya chaza na vipande vya matumbawe, lakini visikupe kiburi, maana mwiba wa taa hupenya ndala na hata mpira mwepesi.

Mvuvi aliyemnasa kwa mshipi afadhali akate uzi kuliko kumng'ang'ania, na akiwa ni jike mwenye mimba amwachie: taa hatagi mayai bali huzaa, na yule wa madoa ya buluu huzaa watoto wasiozidi saba kwa uzazi mmoja.

Mwiba wenyewe uko juu ya mkia, si kwenye ncha yake. Una meno pembeni yaliyoelekea nyuma, hivyo huchana nyama unapotoka, na ngozi inayoufunika ina sumu. Aliyechomwa mguuni au mkononi aoshe jeraha, azuie damu kwa kulikandamiza, kisha atumbukize kiungo katika maji ya moto yasiyozidi nyuzi 45 za Selsiasi kwa dakika 30 hadi 90, kwani joto hupunguza maumivu. Maji hayo yapimwe kwanza kwa mkono wa mtu mwingine, kwa kuwa mwenye maumivu makali huweza kuungua bila kujua. Baada ya hapo aende kituo cha afya hata kama maumivu yametulia, akaangaliwe kama kipande cha mwiba kimebaki ndani na apewe chanjo ya pepopunda ikihitajika. Mwiba uliokwama kifuani, tumboni au shingoni usichomolewe kabisa. Ushikizwe usicheze, na majeruhi apelekwe hospitali mara moja.