Baridi ya Njombe na kitufe cha AUTO

Washa gari, weka nyuzi 24, bonyeza AUTO, kisha toa mkono hapo. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi. Mimi ni fundi umeme na AC za magari hapa Njombe mjini, na kuanzia Juni mpaka Agosti kazi yangu inageuka: wenzangu wa Dar wanajaza gesi ili magari yapoe, mimi naulizwa kwa nini gari halipashi joto. Mengi ya magari ninayoletewa hayana ubovu wa umeme hata kidogo. Mwenye gari amekuwa akigombana na mfumo asubuhi nzima, anaongeza, anapunguza, anazima, anawasha, halafu anasema hita imekufa.

Nazungumzia magari ambayo unachagua nyuzi joto tu, na gari lenyewe linaamua kasi ya feni, matundu ya kutolea upepo na kiasi cha joto. Harrier, Crown, Mark X, Forester, X-Trail. Mitumba ya Japani imejaa haya. Kama lako lina vile vifundo vitatu vya kuzungusha kwa mkono, soma zaidi ile sehemu ya thamostati.

Ubaridi wa AC una kompresa yake. Joto halina mtambo wake, linatoka kwenye maji ya injini. Maji yakishapata moto vya kutosha, sehemu yake hupita kwenye redieta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, feni inapuliza hewa juu yake, na kipo kibao kinachopimia hewa ya moto na ya baridi zichanganyike kiasi gani. Sasa fikiria saa kumi na mbili asubuhi, nje nyuzi 7, injini imelala baridi usiku kucha. Joto litoke wapi? Gari linalijua hilo kwa sababu lina sensa, yaani kipimio, kwenye maji. Ndiyo maana ukibonyeza AUTO feni inazubaa, au inavuma kidogo sana. Inasubiri. Wewe ukiona feni haivumi unaipandisha mpaka mwisho, na unachopata ni upepo wa baridi magotini.

Iache isubiri. Kwenye magari mengi ya siku hizi ipo taa ya bluu ya maji ya baridi. Kabla haijazimika usidai joto. Na injini haipati moto haraka kwa kusimama uwanjani ikinguruma. Ondoka taratibu, usikanyage mafuta kwa nguvu, na ndani ya kilomita chache utasikia feni inapanda yenyewe. Wanaopenda kulipasha gari kwanza walitoe nje kabisa. Usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache, kwa sababu moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na inaua.

Kuhusu namba. Ukiweka 30 badala ya 24, joto haliji mapema zaidi. Gari likiwa baridi ndani, hata kwa 24 mfumo unafungua joto lote ulilo nalo, kwa hiyo hakuna cha kuongeza. Tofauti utaiona baadaye: ukiwa na 30 litapita pale unapopataka, utaanza kutoka jasho ndani ya koti, utashusha hadi 18, mfumo utaleta ubaridi, na ugomvi umeanza upya. Watu wengi hapa huridhika kati ya 22 na 25. Chagua, subiri, kisha rekebisha nyuzi moja moja. HI, ile inayotokea ukipandisha namba mpaka mwisho, si nyuzi joto. Ukiifikia umeuambia mfumo uache kufikiri na utoe joto lote bila kupima.

Upande wa kupima ndipo penye visa. Mfumo una sensa ya joto la ndani, mara nyingi nyuma ya kitundu chenye wavu mdogo karibu na usukani au redio. Una sensa ya nje, mbele karibu na bampa. Na una sensa ya jua, kile kidude cheusi kama kifungo kilichokaa juu ya dashibodi chini ya kioo cha mbele. Njombe watu wanapenda kuvalisha dashibodi zulia la manyoya. Linapendeza, sikatai, lakini likifunika sensa ya jua, gari linaamini ni usiku saa sita mchana. Ondoa, au toboa tundu mahali pake. Vivyo hivyo kishikio cha simu: nimekuta kimegandishwa juu ya kile kitundu cha wavu, simu inachajiwa, inapata moto, na sensa inapima joto la simu. Mwenye gari anatetemeka, mfumo unaamini ndani pamekuwa joto kali. Kitundu hicho pia hujaa vumbi. Kipulize au kifyonze taratibu.

Sensa ya jua ikiwa wazi nayo ina tabia yake. Ukitoka Njombe asubuhi kwenda Makambako mwezi Julai, jua linakujia upande wa kulia, na dereva wetu anakaa kulia. Mfumo ukiona jua hupunguza joto kidogo ili dereva asiungue, na abiria wa kushoto anaanza kulalamika. Hakuna ubovu hapo. Kama gari lina kitufe cha DUAL, kibonyeze na umwekee abiria nyuzi mbili zaidi ya zako. Mama mmoja mteja wangu aliishi na gari lake muda mrefu akidhani kitufe hicho ni cha redio.

Ukungu kioo cha mbele. Hapa ninabishana na watu kila mwaka: AC na joto vinafanya kazi pamoja. Kompresa inakausha hewa kabla haijapashwa, na hewa kavu ndiyo inayofuta ukungu. Usizime A/C kwa sababu "sihitaji ubaridi". Mafuta inayokula kwa safari kama hiyo ni madogo kuliko kuendesha na kitambaa mkononi ukipangusa kioo kwenye kona. Ukungu ukiwa mzito bonyeza kile kitufe chenye picha ya kioo cha mbele na mishale, kioo kikisafika rudi AUTO. Na usiache kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kimewaka. Watu watano wamevaa makoti yaliyonyeshewa, pumzi zao zinazunguka humo humo, vioo vitalia machozi. Tumia hewa ya nje. Hewa ya ndani ni ya kukwepa vumbi au moshi wa lori lililo mbele.

Joto linafaa litokee miguuni kwa sababu hewa ya moto hupanda yenyewe, na AUTO inalijua hilo. Ila kwenye magari mengi abiria wa nyuma wanapata joto kupitia matundu yaliyo chini ya viti vya mbele. Chini ya viti hivyo ndipo tunaposukumia mifuko ya viazi na boksi la parachichi za kupeleka kwa ndugu Dar. Toa mizigo hiyo, weka nyuma.

Sasa thamostati, na hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo chanzo cha magari mengi yasiyopasha joto huku nyanda za juu.

Thamostati ni mlango mdogo kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi unafungwa, maji yasiende redieta kubwa, yapate moto haraka. Yakifika kama nyuzi 82, kwa magari mengi ya Kijapani, unaanza kufunguka. Huko joto lilikozidi, gari likichemsha mara moja tu, gereji nyingi suluhisho lao la kwanza ni kuing'oa thamostati na kuitupa. "Huku kwetu haina kazi, hii ni ya Ulaya." Gari linatembea, mwenye gari anafurahi, miaka miwili baadaye analiuza na linapanda Njombe. Huku maji yanazunguka kwenye redieta kubwa muda wote, upepo wa baridi unayapoza, na injini haifiki joto lake. Hita haiwezi kutoa kile ambacho injini haina. Juu ya hayo kompyuta ya gari inadhani injini bado ni baridi, inaendelea kumwaga petroli ya ziada.

Utalijuaje? Taa ya bluu inachelewa sana kuzimika, au inazimika mjini na kuwaka tena ukishuka mteremko mrefu. Kama lina mshale wa joto, unashuka kila unapoachia mafuta. Dawa yake ni thamostati mpya na gasketi yake, basi. Na kama gari lilikuwa linachemsha kweli, tafuta kilichokuwa kinalichemsha: redieta imeziba, feni haizunguki, pampu ya maji imechoka, mfuniko wa redieta hauzuii tena.

Mzee mmoja aliniletea Crown akasema, "Kijana wangu, hita ya hili tangu nilinunue sijaiona." Nilifungua boneti nikakuta mipira miwili ya maji inayoingia nyuma ya dashibodi imekatwa na kuunganishwa yenyewe kwa yenyewe. Redieta ndogo iliwahi kuvuja, mtu akaona njia fupi. Kwa hiyo kabla hujanunua gari la kuishi nalo Njombe, Makete au Mufindi, tazama mipira hiyo.

Kipimo cha mipira ni chepesi. Injini iwe moto, weka HI, kisha gusa mipira yote miwili kwa haraka na kwa uangalifu, mikono mbali na feni na mikanda. Yote ikiwa ya moto na ndani hakuna joto, shida iko kwenye kibao cha kuchanganya hewa au mota yake. Mara nyingi utasikia tik-tik-tik nyuma ya dashibodi. Mmoja moto, mwingine umepoa, redieta ndogo imeziba au kuna hewa imenaswa. Yote vuguvugu, rudi kwenye thamostati au kiasi cha maji. Maji yakipungua kuna dalili nyingine: unasikia yanabubujika nyuma ya dashibodi, na joto linakuja ukikanyaga mafuta, linapotea ukisimama. Ongeza injini ikiwa imepoa kabisa. Mfuniko wa redieta haufunguliwi gari likiwa la moto. Na weka kulanti, yale maji maalumu ya redieta, si maji ya bomba. Maji matupu yanaleta kutu, na ile redieta ndogo yenye njia nyembamba ndiyo huziba kwanza.

Wenye Aqua na Prius, magari ya haibridi yanayotumia injini na mota ya umeme, ninyi mna jambo la ziada: injini inajizima, na maji yanapoa. Ukidai joto, gari litaiwasha injini hata umesimama mbele ya duka. Ni kawaida. Ukitaka iwake mara chache, shusha namba hadi 21 au 22 na uvae sweta. Ukiwa kwenye ECO, hali ya kubana mafuta, joto hupungua kwa makusudi.

Mwisho, jipimie mwenyewe kabla ya kunifuata. Kwenye Toyota nyingi zenye AUTO, zima gari, shikilia kitufe cha AUTO na cha kuzungusha hewa kwa pamoja, kisha weka swichi kwenye ON bila kuwasha injini. Taa za vitufe zitawaka na kuzimika mara kadhaa, halafu namba zitatokea kwenye kioo cha AC. 00 ni salama. 11 ni sensa ya ndani, 12 ya nje, 14 ya maji ya injini, 21 ya jua. Fanya hivyo juani, maana ukiwa kivulini au ndani ya banda 21 inaweza kujitokeza bila kosa lolote. Bonyeza OFF kutoka. Andika namba uliyoiona uje nayo. Nikiijua, siendi kubomoa dashibodi yako nikitafuta.