Land Rover ya zamani ikikosa sailensi: kabureta iache mwisho

Gari letu ni Land Rover 109 ya Series III, injini ya petroli ya cc 2,286, plagi nne, kabureta (kichanganya petroli na hewa) ya Zenith. Baba alikuwa bwana shamba Kongwa, akalinunua mnadani, na alipofariki likabaki kwangu hapa Dodoma. Mwaka jana, kiangazi kikiwa kimepamba moto na upepo unabeba vumbi la Kizota mpaka ndani ya sufuria, likaanza kukosa sailensi, yaani injini haitulii gari likiwa limesimama. Ukikimbia nalo barabara ya Kondoa huoni shida. Ukisimama tu, mkono wa gia unacheza na kioo cha pembeni kinatetemeka mpaka huoni aliye nyuma yako.

Fundi wa kwanza alishika bisibisi akazungusha skrubu ya kabureta kabla hajauliza lolote. Gari likatulia siku mbili. Siku ya tatu likarudi pale pale, safari hii linanuka petroli, na hakuna aliyekumbuka skrubu ilikuwa imekaa wapi mwanzo. Iliniuma sana, kwa sababu baba aliitunza ile gari kama mtoto. Basi nikamfuata mzee aliyekuwa akitengeneza magari pamoja naye enzi zile. Akasikiliza kidogo, akasema, "Mwanangu, achana na kabureta. Kwanza tujue ni plagi ipi imegoma." Nikamjibu, "Sawa baba," nikaenda kuleta spana. Haya ninayoandika ni kazi tuliyoifanya siku ile na asubuhi yake.

Endesha kwanza injini ipate moto sawasawa, kama dakika 15, choki ikiwa imerudishwa ndani kabisa. Injini baridi itakudanganya. Zima. Chomoa waya wa plagi namba 1, ile iliyo karibu na rejeta, uuchomeke kwenye plagi ya akiba iliyolala juu ya chuma cha injini, mbali na kabureta. Washa, usikilize. Injini ikidhoofika, plagi hiyo ilikuwa inafanya kazi yake. Zima, rudisha waya, nenda ya pili, halafu ya tatu na ya nne. Usichomoe waya injini ikiwa inaunguruma, utapigwa shoti na koili inaweza kufa. Ukifika kwenye plagi ambayo ukiitoa injini haibadiliki hata kidogo, umempata mgonjwa. Kwetu ilikuwa namba 3. Kama ni mbili zilizo jirani, shuku gasketi ya hedi, upime kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kabla ya kugusa kitu kingine.

Hapo hapo angalia cheche kwenye plagi ya akiba. Inatakiwa iwe ya buluu na ilie tap, tap. Ikiwa ya njano na nyembamba, rudi kwenye distributa, kile kinachogawa umeme kwa plagi. Vumbi letu la Dodoma ni laini kama unga wa uwele, linaingia chini ya kifuniko na kukaa juu ya platini, vile vidude vinavyokata na kuunga umeme wa koili. Zisafishe, kisha weka nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40 kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Platini zilizoungua upesi upesi mara nyingi zinamaanisha kondensa imechoka. Shika na rota uitikise kushoto na kulia: shafti ikicheza, nafasi ya platini inabadilika kila mzunguko, na hakuna marekebisho yatakayodumu mpaka bushi ibadilishwe. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Hakikisha nyaya hazijapishana.

Cheche yetu ya namba 3 ilikuwa nzuri. Tukabadilishana plagi kati ya namba 2 na 3, na ugonjwa ukabaki kwenye 3. Basi plagi haina kosa. Zitazame rangi zote nne ukiwa umezitoa: kahawia ya majivu ni salama, masizi meusi makavu ni mafuta mengi, nyeupe ni hewa nyingi, weusi wenye oili ni ringi au miongozo ya valvu.

Kabla ya kufungua chochote tulitafuta hewa inayoingia kwa wizi. Chukua chupa ya kupulizia nguo wakati wa kupiga pasi, tia maji, pulizia kidogo kidogo kwenye kiungo cha manifoldi na hedi, chini ya kabureta, na kwenye mpira unaokwenda kwenye sevo ya breki. Mlio ukibadilika, hapo pana mwanya. Wengine hutumia petroli. Nakuomba usifanye hivyo, injini ina moto na nyumba yako iko karibu. Mpira wa sevo ulikuwa na ufa mdogo wa jua, tukaubadilisha, nafuu ikawa ndogo.

Shida yenyewe ilikuwa kwenye tapeti, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa juu ya kila valvu. Injini hii ina valvu 8, na njia rahisi ya kuzirekebisha ni ile ya jumla ya 9: valvu namba 8 ikiwa imefunguka kabisa, unarekebisha namba 1, ikifunguka 7, unarekebisha 2, na kuendelea. Nafasi ni milimita 0.25 kwa zote, za kuingiza na za kutoa moshi. Tulipofika namba 5, yaani ya moshi ya silinda ya 3, fila haikuingia kabisa. Valvu ilikuwa haikai vizuri, moto unavuja. Injini za umri huu zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, na risasi ilikuwa inazikinga siti za valvu. Nchi za kusini mwa Sahara ziliiacha mwanzoni mwa 2006, kwa afya zetu sote, lakini kwenye siti laini valvu inaweza kuzama taratibu na nafasi ya tapeti ikapotea. Wala huisikii, maana tapeti iliyobana hailii. Sasa nazipima kila kilomita 5,000. Zikiendelea kubana, hedi itashuka ikawekewe siti ngumu.

Ndipo tukafika kwenye kabureta. Zenith hizi kifuniko chake cha juu hupinda kwa joto, na chini yake kuna oringi ndogo inayochakaa. Zote mbili hufanya sailensi iyumbe na skrubu isisikie kitu. Weka kifuniko juu ya kioo: kikicheza, kisugue juu ya msasa laini uliolowana, ukiulaza kwenye kioo hicho hicho. Jeti ya sailensi ipulize kwa hewa, usiichokoe kwa waya. Na kabla ya kugusa skrubu, ifunge polepole huku ukihesabu mizunguko, uandike, kisha uirudishe.

Usisahau kwamba tuko juu. Mji huu uko karibu mita 1,120 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopangwa Dar es Salaam huku inakuwa na mafuta mengi. Geji ya vakyumu, ile inayopima mvuto wa hewa kwenye manifoldi, nayo usiisome kama kitabu kinavyosema. Pwani injini nzima huonyesha inchi 17 hadi 21. Hapa toa 3 au 4. Mshale ukidondoka kwa kipimo kile kile kila mara, ni valvu moja. Ukipanda na kushuka polepole, ni mchanganyiko wa mafuta na hewa.

Wa kwangu umesimama kwenye 16. Jumamosi tulikwenda Kongwa na kurudi, mzee amekaa mbele. Jumapili asubuhi nikatoa plagi ya tatu kuitazama, nayo ilikuwa ya kahawia kama wenzake.