Viza ya Hispania kwa safari fupi ya Valencia: namna ya kuomba, hatua kwa hatua

Mtajie mpenzi wa riadha wa Tanzania jina la Valencia, atakujibu kwa namba: 2:03:00. Huo ndio muda aliotumia Gabriel Geay kwenye marathoni ya mji huo Desemba 2022, akamaliza wa pili nyuma ya Mkenya Kelvin Kiptum, aliyekimbia 2:01:53 katika marathoni yake ya kwanza kabisa. Miaka miwili kabla yao, Mganda Joshua Cheptegei alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwenye uwanja wa Turia, huko huko, kwa 26:11.00.

Sisi tusiokimbia nao tunaweza kwenda, tukakaa siku tano au sita bila kufilisika. Valencia ina bahari, ina soko kubwa la mwaka 1928, ina bustani ya kilomita 9 iliyopandwa kwenye mkondo wa mto uliohamishwa baada ya mafuriko ya 1957, na vingi kati ya hivyo havina kiingilio. Kinachowakwamisha watu wengi ni viza, na mara nyingi wanakwama kwa mambo yanayorekebishika.

Kwanza, hakikisha unaomba mahali sahihi

Hispania iko ndani ya eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, kwa hiyo unaomba viza ya muda mfupi, aina C. Inaruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Unaomba kwa Hispania ikiwa huko ndiko utakakolala siku nyingi zaidi. Ukigawa sawa, tuseme siku nne Valencia na nne Paris, unaomba kwa nchi utakayoingia kwanza. Usiende ubalozi mwingine kwa sababu tu umesikia miadi yake inapatikana haraka. Ratiba yako itakuumbua.

Mtu huomba katika nchi anayoishi kihalali. Aliyeko Tanzania anaanzia ubalozi wa Hispania Dar es Salaam, aliyeko Kenya anaanzia Nairobi. Mtanzania anayefanya kazi Maskati hana haja ya kurudi nyumbani kuomba: anaomba Oman, akiwa na kibali cha ukaazi ambacho bado kitakuwa hai atakaporejea.

Chagua tarehe kabla ya kugusa fomu

Tarehe ndizo zitakazoamua gharama zako, na ndizo zitakazoandikwa kwenye kila karatasi. Sikukuu kubwa ya mji ni Fallas, iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha yake mwaka 2016. Kilele chake ni Machi 15 hadi 19, na usiku wa tarehe 19 masanamu makubwa yaliyojengwa mitaani huchomwa moto. Siku hizo vyumba hupanda bei sana. Ila wengi hawajui kwamba mascletà, ule mlipuko wa fataki za mchana unaosikika hadi kifuani, hupigwa kila siku saa nane mchana kwenye uwanja wa Ayuntamiento, mbele ya ukumbi wa jiji, kuanzia Machi 1. Ukienda wiki ya kwanza ya Machi unaipata raha hiyo kabla bei hazijafika kileleni. Marathoni huwa Jumapili ya kwanza ya Desemba, na uthibitisho wa kusajiliwa kwenye mbio ni karatasi nzuri ya kuambatisha: inaeleza yenyewe kwa nini unaenda na kwa nini siku hizo.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Kisheria uamuzi hutoka ndani ya siku 15, lakini unaweza kusogezwa hadi 45. Mimi ningeomba miezi miwili au mitatu kabla.

Karatasi

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Picha ya rangi, milimita 35 kwa 45, ya karibuni. Mwenye kuvaa hijabu hatakiwi kuivua, ila uso uonekane wote, kidevu hadi paji. Bima ya safari inayokubalika nchi zote za Schengen, isiyopungua euro 30,000, inayolipia pia kurudishwa nyumbani. Tarehe za bima zifunike safari nzima, pamoja na siku ya kufika na ya kuondoka.

Kwa tiketi na hoteli, peleka nafasi zilizoshikwa. Usilipie tiketi isiyorudishwa pesa kabla viza haijatoka. Tafuta malazi yanayokuruhusu kughairi bila malipo. Na ukiletewa na mtu wa kati karatasi ya hoteli ambayo hoteli yenyewe haina habari nayo, ikatae. Karatasi ya kughushi inatosha kukunyima viza, na kumbukumbu za maombi huonekana kwa nchi zote za Schengen. Ukifikia kwa ndugu au rafiki, yeye ndiye anayetakiwa kwenda polisi huko Hispania kuomba barua rasmi ya mwaliko, carta de invitación. Ujumbe wake wa WhatsApp hautoshi. Barua hiyo huchukua muda, kwa hiyo mwambie mapema.

Sasa pesa. Hispania ina kipimo kilichoandikwa: kwa kila siku ya kukaa, asilimia 10 ya kima cha chini cha mshahara wa mwezi nchini kwao, na jumla isipungue asilimia 90 ya kima hicho. Mwaka 2025 kima kilikuwa euro 1,184, yaani euro 118.40 kwa siku na jumla isiyopungua euro 1,065.60. Gawanya, utaona hiyo jumla ni siku tisa kamili. Maana yake, ukienda siku tano au ukienda siku tisa, kiasi cha kuonyesha ni kile kile. Hulazimiki kukitumia, unaonyesha tu kwamba unacho. Kima hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo hakikisha cha mwaka wako.

Kuwa na kiasi hicho hakutoshi kama hakionekani kimetoka wapi. Shemeji yangu ana duka la vitambaa. Alipoomba viza ya Ulaya mara ya kwanza, stetimenti yake ya benki ilionyesha salio la laki nne, laki sita, laki tano, kisha siku tisa kabla ya miadi zikaingia milioni tano kwa mkupuo. Zilikuwa za kaka yake. Akanyimwa. Mara ya pili hakukopa kwa mtu. Kwa miezi mitano alipitisha mauzo ya duka benki badala ya kuyaweka kwenye droo, akaambatisha leseni ya biashara, cheti cha usajili na karatasi za kodi. Salio la mwisho lilikuwa dogo kuliko lile la kwanza, na viza ikatoka.

Mwajiriwa apeleke barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara, tarehe za likizo na siku ya kurudi kazini. Nyaraka za Kiswahili, kama cheti cha ndoa au hati ya kiwanja, zitafsiriwe. Halafu panga vyote mezani na usome tarehe tu, karatasi moja baada ya nyingine. Likizo ikianza tarehe 3 na ndege ikaondoka tarehe 2, afisa ataliona hilo kabla hajaliona jina lako.

Siku ya miadi

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12, na mdogo zaidi halipi. Ukipitia kituo cha kupokelea maombi kuna malipo yao juu yake. Ada hairudishwi ukinyimwa. Utachukuliwa alama za vidole vyote kumi, kwa hiyo kidole chenye kidonda au plasta kitakusumbua. Zikishachukuliwa huweza kutumika tena kwa miezi 59. Ukiulizwa unaenda kufanya nini, jibu kwa maneno yako, kama unavyomweleza jirani.

Soma stika kabla ya kushangilia

Imeandikwa kwa Kihispania. Desde na hasta ni tarehe unazoruhusiwa kuwa ndani, kuanzia na mwisho. Duración de la estancia ni idadi ya siku za kukaa, na hapa ndipo watu huteleza. Stika inaweza kuwa na wiki tatu kati ya desde na hasta lakini siku za kukaa zikawa 7. Unakaa siku 7, basi. Siku ya kufika na ya kuondoka zote huhesabiwa. Número de entradas ikiwa 01, ukitoka kwenda London au Moroko huwezi kurudi tena kwa viza hiyo. Jina au namba ya pasipoti ikikosewa, rudisha siku hiyo hiyo.

Ukinyimwa, utapewa fomu yenye sababu iliyowekewa alama. Una mwezi mmoja wa kuomba uamuzi uangaliwe upya na ofisi ile ile, au miezi miwili ya kwenda mahakama ya Madrid. Kwa safari ya siku sita, kuirekebisha sababu na kuomba upya mara nyingi ni nafuu zaidi.

Mpakani

Viza haikuhakikishii kuingia. Weka kwenye begi la mkononi nakala za hoteli, bima, tiketi ya kurudi na uthibitisho wa pesa. Afisa wa uwanja wa ndege anaruhusiwa kuviuliza. Tangu Oktoba 12, 2025 Ulaya imeanza kusajili wageni kwa picha ya uso na vidole badala ya muhuri, kwa hiyo acha nafasi ya kutosha kati ya ndege mbili. Ukishukia Madrid, treni ya kasi hufika Valencia kwa takriban saa mbili. Ukitua Valencia kwenyewe, metro ya mstari wa 3 na wa 5 inaanzia uwanjani hadi katikati ya mji. Shuka, tafuta glasi ya horchata baridi, kinywaji cha huko. Inatengenezwa kwa chufa, viazi vidogo vya mmea wa jamii ya ndago, yale magugu tunayong'oa shambani kila mvua ikinyesha.