Jinsi ya kuelewa nahau za Kiingereza zinazotumia mkao wa mwili, kuanzia kuinama mpaka kusimama

Juzi mdogo wangu, anafanya kazi kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini Dar, aliniforwadia imeili ya mteja wa Uingereza iliyosema "we have bent over backwards to accommodate you". Yeye kaona kuinama, akajua mteja anaomba radhi, anataka kujibu "usijali yameisha". Nikamwambia mdogo wangu usitume kwanza, huyo mtu kakasirika. Tukakaa mpaka usiku, na nilivyomwelekeza ni hivi.

Hatua ya 1. Andika sentensi nzima kwenye daftari. Daftari la karatasi kabisa, maana skrinshoti ukishapiga hutarudi tena kuisoma.

Hatua ya 2. Fanya huo mkao mwenyewe. Simama ujipinde kinyumenyume mpaka mgongo uanze kuuma. Hakuna anayekaa hivyo kwa raha, ndo maana "bend over backwards" ni kujitahidi kupita kiasi kwa ajili ya mtu, na mteja akikuandikia hivyo ujue anakuhesabia. "Stick your neck out", toa shingo nje, umeshaiweka mahali pa kukatwa, yaani umejiingiza kwenye hatari. "Sit on the fence", upo juu ya ua, mguu huku mguu kule, hujachagua upande.

Hatua ya 3. Tafuta mwenzake wa Kiswahili. "Turn your back on" ni kumpa mtu kisogo, "be on your toes" ni kaa chonjo, "drag your feet" ni kujivuta. Ila "sit tight" sio kaa mkao wa kula! Mkao wa kula unajiandaa kupokea kitu, "sit tight" unaambiwa tulia hapohapo, usifanye chochote kwanza.

Hatua ya 4. Ukikuta "stand", angalia kinachofuata. Hapa naomba usome taratibu. Niliwahi kutafsiri maelezo ya mama mmoja aliyevunjiwa nyumba, kasema "the neighbours stood by while they took everything", mimi nikaandika majirani walisimama naye. Kazi ikarudishwa, nikakesha kurasa zote nikitafuta kosa, kumbe ni hapo. Mama wa watu analalamika kaachwa peke yake, mimi nimemfanya ashukuru. Mpaka leo inaniuma.

Basi iko hivi: "stand by" ikifuatwa na mtu, "she stood by him", ni kuwa upande wake hata mambo yakiharibika. Ikifuatwa na maneno, "I stand by what I said", ni kauli yangu haibadiliki. Isipofuatwa na mtu wala kitu, au ikifuatwa na "while" au "and watch", mara nyingi ni kutazama tu bila kusaidia. Lakini ikiwa ni amri, kama kwenye redio za mawasiliano, ni kaa tayari. Na ikifuatwa na dirisha au mlango basi kweli mtu kasimama tu pembeni yake, usitafute nahau hapo.

Bado kuna "stand up for", kumtetea mtu, na "stand up to", kumkabili mwenye nguvu bila kurudi nyuma. "He stood me up" ni tulipanga kukutana na hakutokea, kwa hiyo usije ukamshukuru bosi kwa "standing me up" kwenye kikao. "Stand down" ni kuachia cheo. Na Uingereza mgombea "stands" kwenye uchaguzi, Marekani "runs", kazi ni ileile.

Mashine za kutafsiri sizitumii kabisa kwenye hii hatua. Natumia kamusi ya Cambridge ya mtandaoni, ni bure, andika nahau yote, usiandike "stand" peke yake, utazama.

Hatua ya 5. Angalia kama kuna kukanusha. "Take it lying down" karibu kila mara inakuja na "not": "I won't take this lying down", sitakubali kuonewa kimyakimya. "I won't stand for it" nayo, sitavumilia.

Hatua ya 6. Ndo ujibu sasa. Mdogo wangu alifuta ile "usijali", akakiri mzigo umechelewa, akaandika tarehe ya kuutoa na jina la atakayeufuatilia.