Kabla hujafunga begi kwenda kwenye kongamano la ufuatiliaji wa macho

Ufuatiliaji wa macho ni kutumia kamera kujua mtu anatazama wapi, na makongamano yake hayafanani. Kwanza jua unakwenda kwa nani. Kongamano la ETRA, lililoanza mwaka 2000 huko Florida, Marekani, limejaa watu wa kompyuta; watakuuliza programu yako inafanyaje kazi. Kongamano la ECEM la Ulaya, lililoanza Bern, Uswisi, mwaka 1981, lina wanasaikolojia wengi. Watakuuliza jicho linatuambia nini kuhusu akili. Usibebe hotuba moja ukadhani itafaa kote.

Viza isikungoje. Ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na siku 15 kabla ndiyo mwisho. Bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Pasi iwe na uhai wa miezi 3 zaidi baada ya tarehe ya kutoka huko. Barua ya mwaliko iombe siku ileile makala yako inapokubaliwa, na jina lililoandikwa humo lifanane na la kwenye pasi, herufi kwa herufi.

Betri za akiba za lithiamu ziwe kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaopakiwa chini. Zikizidi wati-saa 100, uliza shirika la ndege kabla ya kufika uwanjani. Miwani ya kufuatilia macho nayo ukae nayo. Mzigo hurushwarushwa, na kamera ikisogea hata kidogo kwenye fremu, vipimo vyake huwezi tena kuviamini. Beba karatasi za ununuzi na orodha yenye namba za vifaa, maana forodha wataona kamera na nyaya na watataka kujua kama umekuja kuuza.

Bango la utafiti wako lichapishe kwenye kitambaa. Likunje, maliza.

Sasa tuje kwenye mwanga, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Kifaa cha kufuatilia macho humulika jicho kwa infraredi, mwanga ambao hatuuoni. Kamera inatafuta vitu viwili: mboni, na ule mng'ao mdogo unaorudi kutoka kwenye konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho. Programu inapima umbali na mwelekeo kati ya viwili hivyo, ndipo ijue mtu anatazama wapi. Jua nalo limejaa infraredi, na kioo cha kawaida cha dirisha huipitisha. Likiingia, mng'ao mmoja unakuwa mingi, mboni inasinyaa, na mtu mwenyewe anafumba macho nusu.

Hayo yote nilikuwa nayafundisha darasani. Katika kongamano moja nilipewa meza ya maonyesho. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilijaribu kifaa chumbani, mapazia yamefungwa, na kikafanya kazi barabara: kosa halikufika nusu digrii, yaani kama nusu sentimita kwenye skrini iliyo sentimita 60 kutoka usoni. Nikalala kwa amani. Asubuhi nikakuta meza yangu imeegemea ukuta wa kioo unaoelekea mashariki.

Mtu wa kwanza kuketi alikuwa profesa ambaye kazi zake nilizisoma tangu nikiwa mwanafunzi. Nikamwomba afuate kwa macho nukta 9 za kalibresheni, yaani za kukizoesha kifaa macho yake. Kwenye picha ya kamera niliona alama ya msalaba inayoonyesha mboni ilipo ikitoka kwenye mboni yake, ikarukia kope, ikarudi, ikaenda kutulia kwenye kona ya jicho penye unyevu. Tukarudia. Mara ya tatu machozi yalimlengalenga kwa ule mwanga. Akanishukuru kwa upole, akaondoka. Nilifunika dirisha kwa koti, halikutosha. Ilipofika saa tano mhudumu mmoja akanisaidia kuhamishia meza kwenye korido, lakini watu walikuwa wameshaingia ukumbini kusikiliza hotuba. Miaka miwili ya kazi, na hakuna aliyeiona. Hadi leo inaniuma.

Kwa hiyo waandikie waandaaji wiki tatu kabla. Usiulize tu kama kuna meza na umeme. Uliza dirisha liko upande gani, lina pazia zito au jepesi, taa za juu ni za aina gani (zile za zamani zenye waya unaowaka nazo hutoa infraredi), na maonyesho ni saa ngapi. Beba kitambaa cheusi kizito na vibanio. Fika siku moja kabla, ukajaribu palepale, saa ileile. Na uwe na video ya kifaa kikifanya kazi tangu mwanzo hadi mwisho, ndani ya kompyuta yenyewe, isitegemee intaneti.

Video hiyo iwe ya macho yako au ya mtu aliyekuruhusu kwa maandishi. Picha ya jicho kwa karibu inaonyesha irisi, ile duara yenye rangi inayozunguka mboni, na irisi humtambulisha mtu kama alama ya kidole. Data za washiriki wako ziache nyumbani. Zikilazimika kusafiri, zifungwe kwa nywila.

Leseni ya programu ijaribu intaneti ikiwa imezimwa. Adapta za umeme ziwe mbili. Weka vitambaa vya kufutia lenzi, na uwaambie mapema waliopaka wanja mzito kwenye kope kwamba kamera inaweza kuuchanganya na mboni. Lala vya kutosha. Kompyuta usiiache mezani ukaenda kunywa chai, hata kama jirani amesema atakuangalizia.