Kupata kazi ya dizaini bila digrii, anzia hapa
Kwa dizaini ya logo, mabango, app na tovuti waajiri wengi wanaangalia potifolio (mkusanyo wa kazi zako) kwanza, cheti baadaye. So usikae unawaza huna digrii, anza na kazi 3 tu ila zipike ziive kabisa. Chukua mfano fomu ya kujisajili kwenye app flani inayosumbua watu, kaa na watu 5 uwaangalie wakiijaza bila kuwasaidia, andika wanakwama wapi, alafu ichore upya kwenye Figma (programu ya kuchorea dizaini za app na tovuti), weka picha ya kabla na baada na ueleze kwa nini kitufe umekishusha chini karibu na kidole gumba, kwa nini maandishi umeyakoleza, maana hapo kwenye "kwa nini" ndo unapimwa kichwa. Logo 30 zisizo na maelezo hazimwambii mtu kitu.

Kazi hizo ziweke Behance (mtandao wa kuonyeshea kazi za dizaini) au kwenye tovuti yako.

Digrii siidharau jamani, inakupa walimu wa kukukosoa na kuna viza za kazi zinaidai, na usanifu majengo ni habari nyingine kabisa, leseni yake mara nyingi inapitia chuo. Kama hujasoma basi tafuta mtu mzoefu akukosoe kazi zako kila wiki, bila huyo utarudia makosa yaleyale mwaka mzima.