Kumfuga Pleko Mkubwa Nyumbani: Tangi, Maji na Chakula

Kambale wa deraya, ambaye wauzaji wa samaki wa mapambo humwita pleko, mara nyingi hununuliwa akiwa na urefu wa kidole, kwa kuwa mnunuzi ameambiwa kwamba atasafisha kioo. Kazi hiyo huifanya kwa bidii angali mdogo. Hata hivyo, akilishwa vizuri hufikia sentimita 30 na zaidi, wengine wakikaribia 50, na anaweza kuishi miaka 15 au hata kuipita. Na akishafikia umbo hilo, kinyesi chake huchafua maji kuliko mwani wote anaoula. Anayetaka kumfuga na amhesabu tangu mwanzo kuwa ndiye mwenye nyumba, wala si mfagiaji wake.

Dukani, jina pleko hutumika kwa samaki wengi wa familia ya Loricariidae, ambao asili yao ni mito ya Amerika ya Kusini na sehemu ya kusini ya Amerika ya Kati. Wale wakubwa wanaouzwa kwa wingi ni wa jenasi ya Pterygoplichthys, na hutambulika hata wakiwa wadogo kwa kuhesabu miale ya pezi la mgongo linapokunjuliwa: huwa nayo kumi au zaidi, ilhali Hypostomus, ndugu zao, kwa kawaida huwa na saba au minane. Asiye na nafasi amtafute Ancistrus, ambaye hazidi sana sentimita 15; maelezo yanayofuata hayamhusu.

Tangi la sentimita 180 kwa 60 kwa 60 huchukua takriban lita 650, na kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo cha kuanzia kwa pleko mzima mmoja. Upana una maana kuliko kimo, kwa sababu samaki huyu hukaa chini na huhitaji nafasi ya kugeuka bila kukwaruza mkia kiooni. Kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, stendi iwe ya chuma, juu ya sakafu ya saruji iliyo sawa. Anayeishi ghorofani amwone kwanza fundi anayelijua jengo.

Ndani ya tangi tandaza mchanga laini, kisha weka gogo la mti mgumu lililokauka vizuri, ulilolichemsha au kuliloweka mpaka likazama lenyewe. Pleko hulikwangua gogo hilo usiku kucha, na mchana hujificha chini yake. Ukitumia bomba la plastiki kuwa pango, chagua pana kupita kiasi: miiba ya mapezi yake hujifunga ikielekea nyuma, hivyo akiingia kwenye bomba jembamba hawezi kurudi kinyumenyume. Hita iwekewe kizuizi, maana hupenda kuiegemea na huweza kuungua au kuivunja.

Joto la maji liwe kati ya nyuzi 24 na 28. Dar es Salaam au Mombasa huenda usihitaji hita kwa sehemu kubwa ya mwaka, lakini usiku wa Julai wa Nairobi au Arusha hauna mjadala. Kichujio kiwe na uwezo wa kupitisha maji yote ya tangi angalau mara nne kwa saa, nacho kiachwe kifanye kazi kwa wiki kadhaa, kikiwa na chanzo cha amonia, sumu itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula, kabla samaki hajaletwa, ili bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, nayo sumu, kisha nitrati isiyodhuru sana, wapate kuzaliana. Vipimo vya amonia na nitriti vikisoma sifuri, ndipo ukamchukue. Baada ya hapo badilisha theluthi moja ya maji kila wiki, ukitumia maji yaliyoondolewa klorini, na sponji ya kichujio isuuzwe kwa maji yaliyotolewa tangini, kwa sababu maji ya bomba huua bakteria hao. Umeme ukikatika, pleko anaweza kupanda juu na kumeza hewa, ambayo tumbo lake hufyonza oksijeni. Wenzake wengi wa tangini hawana uwezo huo, kwa hiyo pampu ya hewa ya betri ni ya lazima.

Mlishe jioni, taa zikishazimwa. Vipande vya tango, boga au mchicha uliochovywa katika maji ya moto huchomekwa uma ili vizame, na mabaki huondolewa asubuhi. Ongeza vidonge vya kuzama vya mwani, na mara moja au mbili kwa wiki kamba kidogo. Anapojibandika kiooni, tazama tumbo: likiwa bapa au limejaa kidogo, anakula, likibonyea na macho yakazama, ana njaa au ana minyoo, hata kama kioo kimejaa mwani.

Usimweke na samaki bapa waendao polepole, kama diskasi, kwa kuwa akikosa chakula huwafyonza ute wa ngozi. Unapomhamisha tumia beseni, kwani miiba hunasa kwenye wavu na hutoboa mfuko wa plastiki. Akikushinda, mrudishe dukani au mpe mwenye tangi kubwa zaidi, lakini usimwachilie mtoni wala ziwani kamwe: katika Florida, Meksiko na Ufilipino, pleko waliotoroka au kutupwa wamezaliana kwa wingi, na mashimo wanayochimba ili kutaga mayai hubomoa kingo za maji.